Yupo, Si Koti Lake Hilo

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmekuja mmevaa?

*Tumevaa!*

Mmevaa nini?

*Masikio!*

Basi yafungeni vifungo mpaka shingoni, maana hadithi ya leo haina sukari.

Paliondokea nchi kavu, nchi ya vumbi na miiba, na katika nchi hiyo palikuwa na chemchemi moja tu. Juu chemchemi, chini bonde, katikati mfereji. Maji yakishuka mferejini, bonde linakunywa. Mfereji ukiziba, bonde linalamba umande. Hapakuwa na njia ya tatu.

Wanyama wakakaa, wakakubaliana maji yawe na ofisi. Ofisi ikajengwa kule juu, kando ya chemchemi, na mkubwa wake akawa Kiboko. Mbona Kiboko? Kwa sababu siku ya kuchagua alifungua kinywa kupiga miayo, aaah!, na wote wakadhani anatoa hotuba. Wakapiga makofi. Kazi akapata.

Chini ya Kiboko walikuwepo Ngiri mchimbaji, Nungunungu mbeba mawe, na Kunguru aliyekaa juu ya lango kutazama nani anaingia na nani anatoka. Na alikuwepo Sange.

Mnamjua Sange? Wengi hawamjui, na ndiyo hadithi yenyewe. Sange ni mnyama mdogo kama panya, pua ndefu utadhani mkonga wa tembo uliosahauliwa juani, miguu kama njiti za kiberiti. Lakini mbio! Kazi yake ilikuwa kuondoa majani mferejini. Upepo unaleta majani, Sange anayatoa. Huku teke, kule pua. Teke-pua, teke-pua, teke-pua, mfereji unang'aa kama sahani ya mgeni. Nyuma yake maji yanakuja, chururu, chururu.

Na kwa nini alikimbia hivyo? Mwisho kabisa wa bonde, pale mfereji unapoishia, alikaa bibi yake. Bibi alikuwa mzee, miguu imekataa, macho yamekataa, mdomo tu ndio ulikuwa bado kazini. Mbele ya mlango wake palikuwa na kishimo. Kishimo kikijaa, Bibi anakunywa. Kikikauka, Bibi anakauka. Sange hakuhitaji kuelezwa umuhimu wa kazi yake katika mkutano.

Siku moja Kiboko akaenda semina. Huko semina alikula, akalala, akaamka, akala. Akarudi na suti.

Suti yenyewe ilikuwa ya nyasi mbichi. Ilisukwa na ndege mnana, wale mafundi wa viota, unyasi kwa unyasi, mdomo kwa mdomo. Suruali ya nyasi, koti la nyasi, tai ya nyasi ndefu mpaka kitovuni. Kiboko akasimama mbele ya ofisi, kijani kama shamba, jasho linamtoka chiriri, akasema:

"Wafanyakazi! Nimetembea, nimeona! Wenzetu wanaendelea. Wanaendelea kwa nini? Kwa sababu wanavaa! Kuanzia kesho, hapa ni koti. Asiye na koti hana kazi. Na koti halishiki matope, na koti halishiki maji. Heshima!"

Kunguru juu ya lango akadakia, "Kra! Heshima!"

Kunguru hakuwa na tatizo. Yeye alizaliwa na koti jeusi na shati jeupe. Hakulinunua, hakulishona, wala hakuwahi kulifua. Lakini siku ile alijitazama kifuani kama mtu aliyefaulu mtihani.

Sange akanyoosha pua. "Mkubwa, mimi kazi yangu ni mfereji. Mfereji ni matope. Nitavaaje koti lisiloshika matope nikiwa ndani ya matope?"

"Hilo ni swali zuri," akasema Kiboko. Akaondoka.

Kesho yake Sange akaja alivyo. Kunguru akashuka langoni, akatanua mabawa.

"Wewe! Unakwenda wapi hivyo?"

"Kazini, Bwana Kunguru."

"Kazini, au kisimani kuoga? Jitazame! Miguu yote iko nje!"

"Ninayo minne, Bwana Kunguru. Niiweke wapi?"

"Usinijibu. Mtoto wa kike, miguu nje, mgongo nje, mkia nje. Wageni wakija watasema nini?"

"Watasema maji yanapita."

"Kra! Toka!"

Sange akatoka. Ndani ya ua aliwaona wenzake. Nungunungu alikuwa amevaa koti la magome, na miiba ilikuwa imelitoboa kila mahali, limekuwa chujio. Ngiri, ambaye huchimba kwa kupiga magoti, alikuwa amepiga magoti mara moja tu, na suruali ikasema chraaa! Sasa amesimama wima, magoti ameyabana, kola imemkaba, hathubutu kuinama hata kujikuna.

"Kaka Ngiri," akanong'ona Sange kupitia ua, "mbona huchimbi?"

"Dada, ninachimbaje? Nikiinama nachanika. Nikichanika nafukuzwa. Nisipochimba," akatazama huku na huku, "nisipochimba, mbona hakuna anayesema kitu?"

Na kweli hakuna aliyesema kitu. Kiboko mwenyewe, baada ya kuhutubia, alivua suti yake, akaitundika kitini ofisini, akarudi majini. Chubwi! Aliyekuja kumwulizia aliambiwa na Kunguru, "Mkubwa yupo. Si koti lake hilo?" Mwenye shida anatazama koti, anaona lipo, anaondoka ameridhika. Wengine nao wakaiga. Nungunungu akatundika chujio lake, akaenda kulala. Ngiri akatundika lake, akaenda kula mizizi. Ukija ofisini unakuta viti vimejaa. Nungunungu yuko wapi? Yupo, si koti lake hilo? Ngiri je? Yupo, si koti lake hilo? Ofisi nzima makoti, na mfereji mzima majani.

Na kuna jambo lingine lililofuata, sikilizeni vizuri, maana ndilo linalouma. Zamani Kiboko akijilaza kwenye mdomo wa mfereji, Nungunungu humchoma kidogo, tii!, "Mkubwa, sogea, maji yapite," naye husogea. Sasa nani ateremke matopeni na koti? Kiboko akajilaza pale pale, tumbo likaziba mdomo wa mfereji kama kizibo cha mtungi. Maji yote yakabaki kwake. Akaelea. Akapuliza pua, fwoo. Kila asubuhi Kunguru alichota maji kwa kifuu, akainyunyizia ile suti ya nyasi pale kitini isije ikanyauka.

Suti inanywa. Bonde linalamba umande.

Sange akateremka kwa bibi yake. Kishimo kilikuwa kimebaki tope, na tope lenyewe limeanza kupasuka.

"Mke mwenzangu," akasema Bibi, maana ndivyo mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, "mume wetu ametusahau siku hizi? Sisikii maji."

"Wamenifukuza, Bibi. Sina koti."

"Koti la nini?"

"La heshima."

Bibi akacheka, cheko kavu, kah-kah-kah, mpaka akakohoa. "Na mimi niliyezaa watu nikiwa mtupu! Nenda kalitafute hilo koti, mke mwenzangu. Nenda upesi. Ulimi wangu umeanza kugongana na meno, na meno yenyewe ni mawili."

Maneno yalikuwa ya mzaha. Sauti haikuwa ya mzaha. Sange akapiga mbio.

Akafika kwenye shamba la mahindi la watu. Katikati ya shamba ilisimama sanamu ya kutishia ndege: mti wa msalaba, na juu yake koti kuukuu la mwanasiasa mmoja aliyeshindwa uchaguzi. Mabega mapana, mifuko minne, kiraka kifuani. Chini ya lile koti kunguru walikuwa hawatui. Kizazi hata kizazi, makinda ya kunguru yalifundishwa: ukiliona hilo, ruka.

Sange akalitazama, akatabasamu hadi ncha ya pua. Akatafuna kamba, koti likaanguka, pu! Akaingia ndani, akashika kola kwa meno, akaanza kulikokota. Kwa mbali ungeona koti linatembea lenyewe, mikono inaburuta vumbi, kichwa hakuna.

Likafika langoni. Kunguru akainua macho. Akaliona. Manyoya yakamsimama.

"Kra..." Sauti ikakatikia njiani. Akaruka juu ya tawi, akageuza uso, maana alifundishwa asilitazame. "Ka... karibu, Mheshimiwa. Pita tu, Mheshimiwa. Samahani kwa vumbi la lango letu, Mheshimiwa."

Ndani kuna nani? Hakuuliza. Ukishaona koti, unauliza ya nini?

Sange akapita. Akalikokota moja kwa moja mpaka mferejini, kwani yeye alikuja kufanya kazi. Akajaribu. Teke, koti likamfunika. Pua, koti likanasa mzizi. Likanywa tope, likawa zito kama maiti, likamkandamiza chini, puani matope, mdomoni matope. Ngiri aliyekuwa anapita akaona koti linazama, akalivuta kwa pembe.

"Mheshimiwa! Huku si mahali pako! Koti halishiki matope! Keti ofisini, Mheshimiwa!"

Akalitundika juani likauke, na lilipokauka akaliweka kitini, pale nje mbele ya ofisi. Sange akawa ndani ya mfuko, anahema, anasikia nje wanaambizana:

"Mgeni huyu nani?"

"Nani anajua? Lakini mabega umeyaona?"

Hapo Sange akaelewa jinsi ofisi ile inavyofanya kazi. Akaliacha koti kitini, akatokea kwenye mkono wa kushoto, akapenya chini ya ua, mtupu kama alivyozaliwa, akaingia mferejini. Na huku anaimba, na ninyi itikieni:

Koti, kaa kitako!

*Kaa, koti, kaa!*

Mwenye koti yuko wapi?

*Kaa, koti, kaa!*

Yuko kwenye matope!

*Kaa, koti, kaa!*

Teke-pua, teke-pua. Siku ile alitoa majani robo ya mfereji, siku ya pili robo nyingine. Na kitini koti limekaa. Asubuhi linasalimiwa, "Shikamoo, Bwana Koti." Kimya. "Mwamwonaje? Hajibu ovyo. Mtu mzito." Mchana linaulizwa shauri, "Bwana Koti, tufanyeje?" Kimya. "Anatafakari." Jioni wanaaga, "Kwaheri, Bwana Koti." Kimya. "Anabaki! Sisi tunakwenda kulala, yeye anabaki!"

Mfereji ulipoanza kung'aa, wakauona. Wakasema nini? Wakasema Bwana Koti ndiye aliyeuleta mwanga. Kiboko akatuma neno kutoka majini kwamba Bwana Koti apandishwe cheo, awe Msaidizi. Makofi yakapigwa. Sange alisikia makofi hayo akiwa mferejini, jani limemganda usoni.

Siku hiyo hiyo Kunguru akamwona huko chini.

"Kra! Wewe tena! Nani kakuruhusu kuchafua mfereji wa Bwana Koti?"

"Kuuchafua? Bwana Kunguru, tazama mbele yangu, halafu tazama nyuma yangu."

"Ninakutazama wewe. Tope mpaka masikioni! Kwa nini huigi mfano wa wenzako? Mwone Bwana Koti. Tangu aketi kitini hajapata doa."

Akamtupia kokoto. Kokoto lilimpiga mgongoni, tu! Sange hakulia. Alikunja tu pua, akaenda kuendelea upande wa chini ambako Kunguru hafiki.

Alipomaliza, mfereji ulikuwa safi juu mpaka chini. Akakaa kwa Bibi kusubiri maji. Akasubiri. Kikaja kijito chembamba kama uzi, kikafika kwenye kishimo, kikanywewa na udongo kabla Bibi hajainamisha kichwa.

"Ni hayo tu?" akauliza Bibi. Safari hii hakutania. Hakumwita mke mwenza.

Sange akajua. Majani ameyaweza. Limebaki tumbo.

Tumbo la Kiboko huliondoi kwa teke, wala kwa pua. Sange akarudi ofisini, akaingia mfukoni mwa koti, akakaa anafikiri. Na akiwa humo, chubwi-chubwi, akasikia Kiboko anatoka majini. Mkubwa aliangalia huku, akaangalia kule, akaona hakuna mtu. Akavaa suti yake, akasogea mpaka kwenye kiti cha Koti, akanong'ona.

"Bwana Koti. Nina jambo. Watu wanakusalimia wewe kuliko mimi."

Kimya.

"Jana Ngiri alinipita akanisemesha 'vipi'. Wewe alikuamkia shikamoo. Mimi nina suti mpya, wewe una kiraka. Siri yako nini, ndugu yangu?"

Sange akasogeza pua yake ndefu mpaka kwenye tundu la kifungo, akaibana, akasema kwa sauti nzito ya puani:

"Mkubwa. Mimi nimewahi kuonekana nikioga?"

Kiboko akashtuka. "La."

"Nimewahi kuonekana nikila?"

"La."

"Nimewahi kuvuliwa nikatundikwa, mwenyewe nikaenda kuelea tumbo juu?"

Kiboko akatazama chini. "La," akasema polepole.

"Ndiyo siri. Mkubwa wa kweli hukaa. Anayeinuka kwanza kitini, huyo ndiye mdogo."

"Mdogo? Mimi?" Kiboko akafura. Fwoo! "Mimi niinuke kabla yako? Wewe kitambaa? Leteni kiti changu! Hapa, mbele yake! Tuone!"

Kikaletwa kiti. Kiboko akaketi juani, mkabala na koti tupu. Akalikazia macho. Koti nalo, kwa kuwa halina macho, halikupepesa.

Sange akatokea kwenye mkono wa kushoto, akakimbia mferejini. Mdomo wa mfereji ulikuwa wazi! Maji yalikuja chururu, chururu, kisha yakaja shaaa! Yakampita Sange, yakampita mbio, na yeye anayafukuza, anacheka na kulia kwa pamoja, mpaka mwisho wa bonde. Bibi alikuwa amelala chali. Maji yakamgusa mguu, yakamgusa mkono, yakamgusa shavu. Bibi akafungua jicho moja.

"Mume wetu amerudi," akasema, akanywa.

Huko juu shindano linaendelea. Jua likapanda. Nyasi mbichi, mnajua wenyewe, zikikauka hukaza. Kola ikabana. Mikono ikabana. Suruali ikabana mahali ambapo sitapataja. Ngozi ya Kiboko, iliyozoea maji, ikaanza kupasuka kama tope la kishimo cha Bibi. Kunguru akaja na kifuu chake kuinyunyizia suti.

"Toa!" akafoka Kiboko. "Umemwona Koti ananyunyiziwa?"

"Mkubwa, inuka kidogo ukapoe."

"Yeye ameinuka?"

"Hajainuka, Mkubwa."

"Basi!"

Jua likashuka, likapanda tena. Koti halijainuka. Wafanyakazi wakakusanyika kutazama, kila mmoja ana upande wake, na walio upande wa Koti walikuwa wengi. Wakati huo njaa ikaanza kumngurumia Kiboko tumboni, ngrrr, ngrrr. Kiboko chakula chake ni nini?

*Nyasi!*

Na amevaa nini?

*Nyasi!*

Na nyasi zilizokauka juani zinanukia. Zinanukia! Kiboko akaisogeza pua kwenye bega lake mwenyewe. Akameza mate. Akalitazama Koti. Akatazama bega. Akasema moyoni, uzi mmoja tu, nani ataona? Nyam! Uzi ukaenda. Nani ataona, kola ni kubwa. Nyam! Kola ikaenda. Tai ilikuwa karibu sana na mdomo, haikujiokoa. Mkono wa kulia, nyam-nyam. Mkono wa kushoto, nyam-nyam. Mnajua walafi: akianza na uzi, anamaliza na suruali.

Alipoinua kichwa, kilichobaki ni kifungo kimoja kwenye mdomo wa chini, na kundi zima la wafanyakazi limetoa macho.

"Mkubwa," akasema Kunguru kutoka kwenye lango, sauti laini kama mafuta, "koti lako liko wapi?"

"Kunguru, usilete mchezo. Ni mimi."

"Wewe nani? Mimi namjua Mkubwa kwa koti. Asiye na koti hana kazi. Sheria hiyo si yangu, uliitoa wewe ukiwa umevaa. Kra! Toka!"

Wakamzomea. Ngiri akamzomea, Nungunungu akamchoma, tii!, kwa ajili ya siku zote zile. Kiboko akatoka mbio, pu-pu-pu-pu, nyama zinatikisika, mpaka kwenye mto wa mbali, nje ya nchi ile, akajitupa, chubwi! Ndiyo maana mpaka leo mchana kutwa anajificha majini, anatoa pua na masikio tu. Anaona haya. Kula anakula usiku, mtu asimwone alivyo.

Hapo hadithi nyingine ingekwisha. Vigelegele, ngoma, mnyonge ameshinda, twende tukalale. Nami ningependa kuikomesha hapo. Lakini ofisi ilibaki haina mkubwa, na wote waligeuka kutazama kiti cha pili.

Koti lilikuwa limekaa.

"Hakuinuka!" akasema Nungunungu.

"Hakula, hakunywa, hakulalamika!" akasema Ngiri. "Kiongozi!"

Wakati huo Sange anapanda kutoka bondeni, amelowa, ana tope, anacheka peke yake. Akapenya chini ya ua, akaruka juu ya kiti, akasimama kwenye bega la lile koti.

"Ndugu zangu! Nisikilizeni! Hakuna Bwana Koti. Ni mimi. Majani nimeyatoa mimi. Kiboko nimemtoa mimi. Koti hili nimelivua kwenye mti shambani. Tazameni!" Akashika kola kwa meno, akalivuta kwa nguvu zake zote. Koti likateleza, likaanguka chini, pu. Kiti kikabaki kitupu.

Wote wakakitazama kiti. Sange akasubiri.

Aliyesema wa kwanza ni Kunguru.

"Mmemwona? Amemvua nguo Mkubwa! Mbele ya watu!"

Ofisi nzima ikalipuka. Aibu! Haya hana! Na yeye mwenyewe yuko mtupu! Nungunungu akaliokota koti, akalikung'uta vumbi, akalirudisha kitini, akalifunga vifungo, akasema, "Utuwie radhi, Mheshimiwa." Koti halikujibu. Wakasema amesamehe, ana moyo mkubwa.

"Kaka Ngiri!" akaita Sange. "Wewe unajua. Ulinisikia nikiimba mferejini. Waambie!"

Ngiri akasogea karibu. Ni kweli alijua. Akarekebisha kola yake, akainamisha uso, na akasema polepole asisikiwe na wengine, "Dada, mimi nina watoto. Omba radhi yaishe. Tafuta japo kikoti kidogo. Kwani koti nini?"

Kisha akainua sauti. "Toka!"

Sange akamtazama, na Ngiri akatazama magoti yake.

Wakamfukuza. Kunguru akawa msemaji wa Bwana Koti. Halisogelei, maana mpaka leo linamtetemesha, lakini anasimama mbali, anasikiliza ukimya wake, kisha anatangaza, "Mkubwa amesema." Na amri ya kwanza Mkubwa aliyoisema ni kwamba sheria ya makoti ibaki, na iongezwe tai.

Sange akashuka bondeni. Bibi alikuwa amekaa kitako, kidevu kinadondoka maji.

"Kazi vipi, mke mwenzangu?"

"Nimefukuzwa."

"Na maji?"

"Yanakuja."

"Nani anayaleta?"

Sange akatazama mfereji. Upepo ulikuwa umeshaanza kuleta majani.

"Bwana Koti," akasema.

Bibi akacheka, kah-kah-kah, akacheka mpaka cheko likageuka kitu kingine. Halafu akauweka mkono wake kwenye mgongo wa mjukuu wake, pale pale lilipogonga kokoto. Wakakaa hivyo. Sange alipohisi Bibi amesinzia, akaushusha mkono taratibu, akainuka, akaingia mferejini. Teke-pua. Teke-pua.

Ukiamka mapema kabisa, kabla ofisi hazijafunguliwa, pita porini utazame chini. Utaona vijia vyembamba vimefagiliwa, hakuna jani. Hutamwona aliyefagia.

Funzo? Mnataka funzo? Haya, andikeni vichwani, na mkienda kwenye usaili wa kazi mliseme kwa sauti. Kazi ni nguo. Mchafu ni mvivu. Mwenye koti asiulizwe kitu, na asiye na koti ajibu kila kitu. Binti, funika miguu yako, hata ikiwa ndiyo inayoleta maji. Na ukiona kiti kimevaa, amkia. Kutoamkia ni utovu wa adabu.

Hadithi yangu nimeivua, naitundika hapa. Akitokea mtu akaniulizia niko wapi, mtamwambia nini?

*Yupo! Si hadithi yake hiyo?*